Kuanzia A Hadi K

Nakumbuka siku moja, mwanangu, iliyoanza saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha Mwalimu Wafula, na mimi niliikazia macho ili nisiwatazame watu waliojaa ukumbini. Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa mjini Nyeri, na kengele ya meza yetu ililia kabla swali lolote halijasomwa.

"Ndiyo, Gatitu," akasema Mwalimu Wafula, aliyekuwa msoma maswali, akituita kwa jina la shule yetu. "Jibu ni nini?"

"Jibu ya nini?" akauliza Wahome, mwenzangu.

"Hilo ndilo nakuuliza. Umepiga kengele."

"Nilikuwa naangalia kama inalia."

"Inalia," akasema Mwalimu Wafula, na ukumbi wote ukacheka.

Nakuandikia haya kwa sababu Jumamosi hii wewe pia utaketi mbele ya watu kama nilivyoketi, ingawa naambiwa siku hizi si kengele bali ni kitufe chenye taa. Juzi uliniuliza usome nini. Nimekusikia jikoni ukikariri miji mikuu na urefu wa mito, na simu yako ikikuambia kama umepata au umekosa. Endelea hivyo, ni kazi nzuri. Lakini kuna jambo ambalo simu haitakuambia, nami nililipata siku ile, kwa hiyo vumilia kidogo nikueleze kwa mpangilio.

Yalikuwa mashindano ya maarifa ya jumla ya shule za msingi, wanafunzi wawili kwa kila shule. Sisi tulitoka shule ya kutwa ya Gatitu. Maswali yalisomwa kwa Kiswahili, maana aliyetoa zawadi alitaka wazazi waliokuja nao wafuate. Aliyetoa zawadi alikuwa Bwana Ramji, mwenye duka la vitambaa na vifaa vya shule. Alizaliwa mjini humo humo, na kwa Kikikuyu cha kupatana bei hakuna mama wa sokoni aliyemshinda. Watoto wake walikuwa wamekua na kuhama, wakamwachia seti ya ensaiklopidia, vitabu kumi na viwili vyenye jalada jekundu. Vilikuwa vimepangwa mezani mbele yetu.

Nataka uelewe vitabu vile vilikuwa nini kwangu. Shule yetu haikuwa na maktaba. Ilikuwa na kabati, na ndani ya kabati mlikuwa na chaki, jembe, na atlasi ambayo Afrika yake ilikuwa imechanwa. Nilikuwa darasa la nane, na nilijua nyumbani hakuna karo ya kidato cha kwanza. Hakuna aliyeniambia, nilikuwa na masikio. Nilikuwa nimejipangia kwamba vitabu vile vikija shuleni kwetu, mwalimu mkuu ataniruhusu kuvisoma hata nikishamaliza, na hivyo nitaendelea kusoma bila kwenda sekondari. Visipokuja, basi masomo yangu yameishia pale.

Wapinzani wetu katika raundi ya mwisho walikuwa wavulana wawili wa shule moja ya bweni, ng'ambo ya mto Chania. Mmoja alikuwa mnene na mkimya. Mwingine alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi kwenye sikio moja, na alijibu kila swali kama mtu anayelipwa kwa neno. Tulishindana nao bega kwa bega. Walipata bahari kubwa kuliko zote, tukapata sayari iliyo karibu zaidi na jua. Wahome alipoteza alama kwa kusema "Ziwa Vikitolia" mara mbili, mpaka Mwalimu Wafula akamwambia, "Nimelielewa ziwa lako, lakini mto unaotoka humo ni upi?" Kufikia saa tano na nusu tulikuwa sare, na ilibaki kadi moja mkononi.

Mwalimu Wafula alikuwa mtu wa Bungoma, mgeni wa miezi michache. Akaisoma kadi polepole.

"Kulingana na hadithi ya asili ya Wakikuyu, Gikuyu na Mumbi walizaa mabinti wangapi?"

Hapa nirudi nyuma kidogo. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, tulipewa kazi ya shule ya kuandika idadi ya watu wa boma. Nilisimama uani na kalamu, nikaanza kuhesabu wajukuu wa cucu, yaani nyanya yangu, kwa sauti, nikiwaelekezea kidole mmoja mmoja. Cucu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ni nani amekutuma uhesabu watu wangu?"

"Ni kazi ya shule, Cucu."

"Kwani shule inawanunua? Watu hawahesabiwi kama viazi vya kupelekwa soko."

Kisha akaketi, akanieleza. Watu wa zamani hawakupenda kuhesabu watoto wala mbuzi mpaka mwisho. Kutaja idadi kamili ya ulichobarikiwa kulikuwa kama kukianika nje ili balaa ije ichague. Ndiyo maana mabinti wa Mumbi husemwa ni kenda muiyuru, yaani tisa iliyojaa. Ukitaja majina utafika kumi, lakini mdomoni unaishia tisa, halafu unasema imejaa, unanyamaza.

"Na yule wa kumi?" nikamuuliza.

"Wa kumi ndiye anayeijaza," akasema. "Ndiye wewe."

Kweli, binti wa kumi anaitwa Wamuyu, nami nimepewa jina hilo. Unajua watoto walivyo. Darasani waliniita Asiyehesabiwa, na mwalimu alipogawa madaftari kulikuwa na mmoja aliyepaza sauti kila mara, "Wamuyu asipewe, hayuko kwa hesabu."

Kwa hiyo swali liliposomwa nilijua majibu yote mawili. Nilijua wengi husema tisa. Lakini kama ningesema tisa mbele ya watu wote wale, ningekuwa nimejifuta mwenyewe. Nikapiga kengele.

"Kumi," nikasema.

Mwalimu Wafula akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaonekana kunihurumia. "Si sawa. Ng'ambo?"

"Tisa," akasema yule wa miwani.

"Ni sawa."

Wenzao wa bweni wakapiga makofi. Wahome akaegemea kiti akanong'ona, "Si ungeniuliza tu? Hata mbuzi yetu inajua ni tisa." Nilivitazama vile vitabu vyekundu, na nilihisi kama mtu anayeona basi likiondoka.

Lakini kwenye viti vya nyuma kina mama walikuwa wameanza kunung'unika. Walikuwa wamevaa vitambaa vya kichwa vya kanisa, na cucu alikuwa kati yao. Mmoja alisema tisa, mwingine akasema tisa gani, mwingine akasema imejaa, wewe mwalimu, imejaa. Mwalimu Wafula akainua mkono.

"Wazazi, kadi yangu inasema tisa."

"Kadi imeandikwa na nani?" akauliza mama mmoja.

"Imeandikwa na kamati."

"Kamati ina mtoto msichana?"

Hapo Bwana Ramji akasimama. Zawadi ilikuwa yake, na hakuna aliyeweza kumwambia aketi. "Hii si ngumu," akasema. "Dukani kwangu mtu akisema vitambaa ni tisa, tunavifungua mezani tunaviona. Ataje majina, sisi tusikilize." Akamwelekea yule wa miwani. "Taja, kijana."

Mvulana akasimama. Alitaja kwa vidole, bila haraka, maana yalikuwa majina ya shangazi na dada zake: Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangui, Wangeci, Wanjeri, Nyambura, Wairimu, Wangari. Vidole tisa vilisimama, kidole gumba cha mwisho kikabaki kimekunjwa.

"Umemaliza?" akauliza Bwana Ramji.

"Nimemaliza."

"Bado," wakasema kina mama, karibu wote kwa pamoja.

Mvulana akakitazama kile kidole gumba. Mimi nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kusema.

"Wa mwisho ni mimi."

"Wewe ni nani?" akauliza Mwalimu Wafula.

"Wamuyu, mwalimu."

Walicheka, mwanangu, mpaka mchungaji akatoa leso. Mwalimu Wafula alicheka kuliko wote. Akatoa kalamu mfukoni, na kando ya neno tisa kwenye kadi yake akaandika: iliyojaa. "Kwetu watoto tunawahesabu," akasema, "lakini nimesikia." Kisha akatangaza kwamba pande zote mbili zimepata, na kwamba sare imebaki sare.

Tungeulizwa swali jingine, ila kadi zilikuwa zimekwisha, na saa sita kulikuwa na harusi. Kwaya ilikuwa imefika mlangoni na maua, na mpiga kinanda alikuwa akituuliza kwa macho tutaondoka lini. Bwana Ramji akakata shauri kama anavyokata kitambaa. Aliweka kiganja katikati ya vile vitabu akavitenganisha: sita kushoto, sita kulia. Sisi tukapewa kuanzia A hadi K. Wao wakapewa kuanzia L hadi Z.

Wahome alifurahi. Mimi nilitoka pale nimenuna. Tulipokuwa tunateremka barabarani na cucu, kila mmoja wetu amebeba vitabu viwili, nikamwambia tumedhulumiwa, maana kitabu cha mwisho kina faharasa, ile orodha inayoonyesha kila jambo liko ukurasa gani, na faharasa imekwenda ng'ambo. Sisi tumebaki na nusu ya dunia, tena bila ramani yake.

Cucu akasimama. Hakupandisha sauti.

"Hiyo nusu nyingine imekufa?"

"Hapana, Cucu."

"Imepelekwa Ulaya?"

"Iko ng'ambo ya mto."

"Na wewe uko na miguu, ama nimekosea kuhesabu?"

Akaendelea kutembea. Hilo ndilo karipio lote, na sijawahi kupewa jingine lililonifaa zaidi.

Mwalimu mkuu aliniruhusu kusoma, kama nilivyotumaini, hata baada ya kumaliza darasa la nane. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Kahawa ilikuwa kwenye C, upande wetu. Chai ilikuwa kwenye T, upande wao. Barafu tulikuwa nayo, mvua hatukuwa nayo. Kinyonga wetu, nyuki wetu. Mpunga unaolimwa Mwea ulikuwa wao, pamoja na jua. Kenya yenyewe iliponea chupuchupu katika kurasa za mwisho za kitabu cha sita. Mwaka mzima ungeweza kuniuliza lolote kuanzia A hadi K nikakujibu, na kuanzia L nilikuwa mjinga kamili.

Kwa hiyo siku za Jumamosi, nikishafua, nilivuka mto kwa miguu na karatasi ya maswali yangu. Mara ya kwanza mlinzi wa shule ya bweni alinifukuza. Mara ya pili yule wa miwani alinikuta getini. Ikawa naye ana shida yake. Alikuwa na faharasa nzima, anajua Afrika iko kitabu gani na ukurasa gani, lakini kitabu hakipo. "Niko na namba za kurasa tu," akaniambia, "kama mtu mwenye ufunguo ya nyumba ya wenyewe." Tukaanza kubadilishana. Mimi nilimletea kahawa na barafu, yeye akanipa mvua na jua. Tulibishana sana, na bado tunabishana. Leo asubuhi umekunywa naye chai, na ulipomuuliza kuhusu volkano alikujibu haraka, lakini ulipomuuliza kuhusu farasi alikwambia, "Hiyo muulize mama yako." Sasa unajua kwa nini.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukisoma jibu kwenye kadi, kumbuka kuna mtu aliyeliandika, na kabla yake kuna mtu aliyehesabu, naye alikuwa na sababu ya kuishia pale alipoishia. Itafute hiyo sababu. Anayejua tisa amepata alama. Anayejua kwa nini si kumi amepata elimu, na hiyo hainyang'anywi kengele ikilia upande mwingine. Ukijua jambo na kadi ikasema vingine, liseme kwa adabu, kisha ngoja; ukumbini huenda kuna mtu mwenye hekima ya kuomba majina. Na usipojua, sema hujui, bila kununa. Usilojua liko kwa mtu fulani, mara nyingi karibu kuliko unavyodhani, na mara nyingi mtu huyo anakutafuta wewe kwa lile asilolijua. Mpinzani wako wa Jumamosi mwangalie vizuri. Huenda yeye ndiye mwenye faharasa.

Mungu akupe masikio ya kusikia swali mpaka mwisho, mkono usiotangulia akili, na rafiki mwenye nusu uliyoikosa. Jina lako lisipotajwa katika hesabu, wewe ndiwe uijaze.

Nauli yako ya kwenda mjini nimeiweka chini ya kikombe. Lakini kutoka Gatitu si mbali, na asubuhi Mlima Kenya huonekana vizuri. Ukiamua kutembea kama nilivyotembea mimi, umeokoa shilingi hamsini, nazo ni zako.