Kaske ya Kumi na Mbili

Papa Apollinaire wa mtaa wa Kasha ana kaske kumi na moja za kusikilizia muziki, zote za zamani, za kufunika sikio zima, zenye waya mnene uliojikunja kama mkia wa nguruwe. Kila alasiri huvaa moja, akaichomeka kwenye redio ya kaseti, akafumba macho. Hapo mkewe anaweza kuita mpaka koo limkauke.

"Papa Apollinaire, mvula! Ondosha nguo ku kamba!"

Yeye anatikisa kichwa tu, akifuata gitaa. Akiulizwa baadaye, jibu ni lile lile: "Sikusikia, maman. Nilikuwa na kaske."

Juzi alimwagiza shemeji yake Patrice, muuza mitumba wa Kavumu, amtafutie kaske nyingine ya zamani. Jana Patrice akaleta, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Papa Apollinaire akafungua. Ilikuwa kaske ya pikipiki, kofia ngumu nyekundu, yenye kioo cha mbele kilichokwaruzika.

"Na hii si kaske?" Patrice akajitetea. "Tena iko ya zamani kabisa!"

Mzee akafoka, akaisukuma kando. Mkewe, Maman Adèle, aliiokota kaske ile. Akaingia nayo jikoni.

Saa ya kula ikafika, ikapita.

"Maman Adèle! Bugali iko wapi?"

Akaenda mwenyewe mpaka mlangoni. Mkewe alikuwa kwenye kigoda, kaske kichwani, sahani ya bugali na samaki wadogo wa sambaza mapajani. Alimtazama mumewe, akameza tonge, akashusha kioo, akaanza kutikisa kichwa polepole, kama mtu anayefuata gitaa.