Mawe Matatu ya Gacheri

Pango lina harufu ambayo ukishaivuta mara moja hutaisahau: harufu ya jiwe lisiloona jua, ya mavi ya popo, na ya majivu ya moto ambao wachungaji waliuacha uzimike wenyewe. Nilipokuwa darasa la tano niliivuta harufu hiyo karibu likizo nzima ya Agosti, ikaingia kwenye sweta langu la shule hata mama akaliloweka siku mbili kabla ya kulifua. Kwetu Ruiri asubuhi zilikuwa kavu na za upepo, vumbi likipita uani kama mtu mwenye haraka, na wenzangu walishinda wakipura maharagwe. Mimi nilikuwa njiani na nyanya yangu, mama yake baba, tukipanda kwenye ukungu na kushuka kwenye mabonde, tukitazama maji na mashimo. Nikiikumbuka likizo hiyo, kinachoanza kukumbuka ni miguu.

Watu waliambiwa kwamba nyanya anataka kutembea kidogo kabla macho yake hayajafunga kabisa. Ni kweli alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na alipokutazama aligeuza kichwa kama kuku anayechungulia punje. Baba alikuwa mwalimu, lakini likizo zake alizimalizia shambani, kwa hiyo aliniambia, "Kagwiria, wewe utakuwa macho ya nyanya yako. Usimwache mkono." Nilifurahi. Nilidhani tunakwenda matembezi kama yale ya watoto wa mjini, na nikafunga viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa kana kwamba ni sikukuu.

Kwanza tulikwenda ziwani, lile lililokaa ndani ya kasoko, shimo la mlima uliowahi kutema moto. Tulishuka tukishikilia mizizi, na chini tukakuta maji ya duara, kimya, yamezibwa nusu na matete, bata wawili weusi wakielea katikati. Nyanya hakuyatazama maji. Aliuliza, "Kuna mlango kwenye ukuta? Mahali mtu anaweza kuinama akaingia?" Nilitazama msitu uliopanda pande zote nikamwambia sioni mlango. Aliketi kwenye jani la mgomba nililomtandikia, na hapo ndipo aliponiambia, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuagiza chumvi, kwamba tulikuwa tunamtafuta mtoto.

Wakati wa vita vya msituni vya kupigania uhuru, nyanya alikuwa mke kijana mwenye binti wa miezi saba, Gacheri, mzaliwa wake wa kwanza. Alipeleka chakula msituni akiwa na mtoto mgongoni, na kabla hajarudi askari wakaziba njia zote za kurudi kijijini. Alitembea na wengine usiku kadhaa bila kujua wanakokwenda. Alikumbuka kwamba walipita kando ya maji ya duara, kwamba walijificha kwenye pango, na kwamba karibu na pango maji yalianguka kwa kishindo hata kikohozi cha mtoto kisisikike. Kikohozi hicho kilikwisha siku ya tatu. Alimzika mdomoni mwa pango kwa mikono. "Nilimwekea mawe matatu ya mtoni," alisema, "kama mafiga, asikose moto." Baadaye walifungiwa kwenye vijiji vya waya, kisha babu akamkataza kulitaja jambo hilo, kisha nyanya akazaa wengine saba. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sasa hapakuwa na wa kumkataza, ila macho.

Kutoka siku hiyo matembezi yalipoteza utamu. Tulikwenda hadi Embu, tukalala kwa binamu yake, kwa kuwa baadhi ya wale aliotembea nao walikuwa wa upande huo na huenda walimwongoza nyanya kuelekea kwao. Asubuhi tulitembea kwenye mashamba ya chai mpaka mpakani mwa msitu, tukisikia maporomoko ng'ambo yakinguruma. Askari wa msitu alitusimamisha. "Mama, huku hakuna mtu anaingia bila karatasi," alisema. Nyanya akamwambia hana karatasi, ana mtoto huko ndani. Yule kijana alinitazama mimi, akamtazama yeye, akadhani kuna mtoto amepotea, akatukimbiza mbele yake kwa wasiwasi mpaka kwenye maji. Alipoelewa kwamba mtoto mwenyewe amelala karibu miaka arobaini, alivua kofia akakaa juu ya jiwe. Alitusaidia kutafuta hadi saa tisa. Palikuwa na maji, palikuwa na kishindo, nguo zetu zililowa chepechepe, lakini mwamba ulikuwa mzima kama ukuta wa kanisa. "Pole, cucu," alisema akitusindikiza, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. Nyanya alimjibu kwamba mtafutaji hachoki. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili, na viatu niliviheshimu kwa kuvibeba.

Tulizunguka hivyo wiki tatu. Sikumbuki mapango yote. Mengine yalikuwa mashimo tu ambamo mbuzi walikwepea mvua. Kila mara nyanya aliniambia, "Ingia wewe kwanza, mimi gizani sioni," nami niliinama, nikapapasa sakafu, nikatoka nikitikisa kichwa, kisha nikakumbuka kwamba hakioni kichwa changu, nikasema, "Hakuna, nyanya." Jinsi alivyolipokea neno lile ndiyo iliyonichosha kuliko njia. Alijifunga upya leso yake kichwani na kuuliza sasa tunashika njia ipi.

Juma la mwisho tulipanda Timau. Dereva mmoja wa Meru mjini, Mwislamu mwenye ndevu za hina aliyekuwa akifuata viazi, alitupakia kwenye lori lake, akamweka nyanya mbele na kumpa koti lake. Tulipita mashamba ya ngano yasiyo na mwisho, tukashuka, tukatembea kando ya mto hadi tukafika kwenye poromoko dogo, na kando yake pango kavu lenye mdomo mpana. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Nyanya aliketi kwenye gogo nje nikammiminia chai kutoka kwenye chupa. Chai ilimwagika kwenye gauni, wala hakujua. "Ingia," akaniambia.

Niliingia. Hapakuwa na kitu. Nilisimama humo nikihesabu siku zilizobaki za likizo, nikafikiria kwamba kesho tutaamka tena gizani, na keshokutwa, na kwamba mwakani ataniambia nimshike mkono tena. Kisha nikatoka kwa upande wa pili wa mdomo, nikashuka mtoni, nikachagua mawe matatu ya mviringo, kila moja kama mkate. Niliyabeba moja moja. Niliyapanga mdomoni mwa pango, karibu na ukuta, nikayafukia kidogo kwa udongo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuona kwamba ninafanya jambo kubwa. Niliita, "Nyanya! Mawe! Yako matatu!"

Alikuja haraka, akajigonga bega kwenye mwamba, akapiga magoti. Alilipapasa la kwanza, la pili, la tatu. Aliutoa mkono wake akausugua kwa kidole gumba, polepole, mbele ya uso wake. Mkono ulikuwa umelowa. Pango lile lilikuwa kavu kama ghala, na mawe yangu yalikuwa yametoka mtoni dakika kumi tu zilizopita. Aligeuza kichwa akanitazama kwa ile namna yake ya upande. Nilihisi masikio yangu yakiwaka katika baridi ile yote.

"Umechoka, Kagwiria," alisema.

"Ndiyo, nyanya."

"Hata mimi."

Akatandika leso yake juu ya mawe yale, akaomba kwa Kimeru, akamtaja Gacheri kwa jina, akamwomba radhi kwa kuchelewa. Alilia kilio nisichokuwa nimewahi kukisikia kwa mtu mzima. Tulipofika nyumbani alimwambia baba kwamba tumempata. Hakutembea tena kutafuta, na hakunitajia tena mawe yale mpaka alipofariki, nikiwa kidato cha tatu.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu imenitembeza miaka mingi. Mwaka jana baba, ambaye sasa ameipita miaka nyanya aliyokuwa nayo wakati ule, aliniomba nimpeleke akamsalimie dada yake Gacheri kabla yeye mwenyewe hajafa. Nilimpeleka kwa gari langu. Poromoko lile sasa lina lango, ngazi za saruji na kibao, na maji yenyewe yamepungua kwa sababu ya mabomba yanayokwenda mashambani. Unaweza kuongea kando yake bila kupaza sauti. Vijana walikuwa wakipigana picha mdomoni mwa pango. Baba alishuka ngazi nane magoti yakamkataa. Akaketi pale pale, akaegemea fimbo, akasema, "Nenda wewe. Mwambie kaka yake amefika."

Nilishuka. Nilikuwa nimepanga kumwambia baba ukweli siku hiyo, kwa sababu nimefika umri ambao kubeba kitu kunaumiza mgongo. Zamani wanawake walitafuta makaburi ya watoto wao kwa kupapasa gizani, bila hata picha moja ya uso wa mtoto. Leo nina simu yenye ramani ya kila kijito cha mlima huu, na hakuna hata kijito kimoja kinachojua Gacheri amelala wapi. Nilisimama kati ya wale vijana mpaka mmoja akaniuliza kama nataka apige picha yangu. Nilikataa, nikapanda.

"Umemwambia?" baba akauliza.

"Nimemwambia."

Aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono nimsaidie kusimama, nasi tukazipanda zile ngazi nane, tukipumzika kwa kila moja.