Bibi Yangu Bado Anasema Amepona

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikufa. Huu ni mwezi wa tatu tangu tumzike. Tumbo ilipasuka ndani, akafa kabla tufike hospitali. Admin, ficha jina langu, mimi ni mtu anajulikana hapa Lodwar na Kakuma kwa sababu ya video moja tulifanya. Niko na miaka 41. Shule niliwacha darasa la tatu. Kazi yangu ni kupakua malori Kakuma, Jumamosi narudi Lodwar kwa watoto. Ni wawili. Dada yangu ndio anawaangalia.

Nitasema vile ilikuwa. Bibi yangu alikuwa anauza chai ya miti shamba ya kampuni moja ya Nairobi, wanasema inaponya tumbo. Si dukani. Kwa simu. Kampuni inakupa linki yako, mtu akinunua na hiyo linki, unapata komisheni. Rafiki yake wa kanisa ndio alimfundisha. Unalipa mtandao, video yako inaonyeshwa watu ya Lodwar, Kakuma, Kainuk, hata wenye hawakujui. Ya kwanza alifanya kwa Kiswahili. Hakuna mtu alinunua. Rafiki yake akamwambia, "Ongea Kiturkana. Na uonyeshe mtu amepona."

Bibi yangu mwenyewe alikuwa na tumbo imevimba. Daktari alisema ni mafuko ya maji kwa ini, inatoka kwa mbwa, haina dawa ya kunywa ya kutosha, lazima apasuliwe. Alikuwa anakunywa hiyo chai. Wiki ya kurekodi video ya pili tumbo ilionekana imeshuka kidogo. Mimi ndio nilishika simu. Nikamwambia, "Sema umepona."

Akaniuliza, "Nimepona, baba watoto?"

"Sema tu. Utapona."

Akasema. Akapiga tumbo yake na mkono, akacheka, akasema alikuwa anaogopa kisu lakini sasa kisu ya nini. Halafu mimi nikaingiza uso, nikasema, "Ni kweli. Mimi ni bwana yake, naapa." Hiyo ndio video.

Watu walinunua sana. Wanawake walikuwa wanamsimamisha njiani wanashika tumbo yake. Akalipia tangazo tena, na tena. Halafu hospitali wakampigia, nafasi ya kupasuliwa imepatikana. Akakaa chini. Akasema, "Nikilala hiyo wodi nani hataniona? Watasema tuliwadanganya." Mimi ningesema twende. Sikusema. Nilisema, "Wacha hii tangazo iishe kwanza, watu wasahau." Tangazo iliisha, watu hawakusahau, tukalipia ingine. Siku ya hospitali ikapita. Alikuwa anafunga shuka kubwa ndio tumbo isionekane. Akiumwa alikuwa anaingia ndani analala na upande, akisikia mtu anabisha anaamka anacheka. Hivyo mpaka siku alikufa. Daktari aliniambia angekuja ile siku wangetoa hayo mafuko.

Kwa mazishi kaka yake mkubwa alinishika bega akasema, "Shemeji, hii ni Mungu." Hawajui alipewa siku. Mahari sijamaliza. Wakijua, kwa mila yetu wanachukua watoto wanaenda nao kwao Lokitaung, na sina la kusema.

Nilidhani video imekufa na yeye. Haijakufa. Kampuni iliipenda, sasa wanalipia wenyewe kwa ukurasa yao. Nilipiga simu Nairobi. Msichana akaniambia, "Mzee, hiyo video inafanya vizuri sana! Mwambie mama aturekodie ingine." Nikamwambia mama amekufa. Akasema pole. Akasema lakini mama alikubali masharti, video ni ya kampuni. Na komisheni bado inaingia kwa laini ya simu ya bibi yangu. Naitoa. Watoto wanaikula. Mtoto mdogo akilia anaomba dada yangu afungue simu amwone mama akicheka.

Kakuma wenzangu wa kupakua wananiita Bwana Chai. "Bwana Chai, beba mbili, wewe si uko na dawa!" Wengi hawajui amekufa, kazini sikusema. Hiyo nimezoea.

Lakini Ijumaa kuna mama alinijia hapo kwa stoo. Anauza makaa kwa wakimbizi, namwonanga kila siku. Akanisalimia kwa Kiturkana, "Ejok, bwana ya yule mama." Akafungua shuka. Tumbo yake ni ile ile. Akasema amepewa Alhamisi hii inakuja aende apasuliwe, lakini amenunua chai, hataenda.

Nikamwambia, "Mama, enda hospitali."

Akanicheka. "Wewe si uliapa? Ama sasa hospitali imekulipa?"

"Enda tu."

"Niitie bibi yako niongee na yeye. Wewe mwanaume unajua nini ya tumbo?"

Nikasema amesafiri.

"Wapi?"

Nikasema Kitale. Naomba Mungu anisamehe, nilisema Kitale.

Akasema, "Akirudi mwambie yeye ndio alinitoa woga." Akabeba gunia yake akaenda.

Kakuma imejaa watu ya Lokitaung, kwao bibi yangu. Nikimwambia huyo mama ukweli, kwamba bibi yangu alikufa na hiyo tumbo kwa sababu tuliacha siku ya hospitali ipite, kabla jua ishuke shemeji watakuwa wamesikia. Nikinyamaza, ataenda na hiyo tumbo vile bibi yangu alienda. Nimefikiria kuhama kazi nisimwone. Kazi ingine hakuna. Nimefikiria kumtuma mtu amwambie, na huyo mtu ataulizwa amejuaje.

Matusi najua mtanitusi, tusini. Lakini mwenye ako na akili aniandikie pia, nimwambie nini huyo mama na watoto wangu wabaki? Muandike leo. Kesho narudi kazi.