Vichupa Sita vya Mkaratusi

"Hizi ni kuni, Matilda! Nimekuagiza majani, unaniletea kuni!"

Bi Siwema aliyafikicha majani ya mkaratusi, akayanusa, akayatupa. Matilda alikuwa ameyaanika juani siku tatu, kama watu wanavyoanika pareto, ili mzigo uwe mwepesi kushuka nao mlimani Loleza.

"Lakini bibi, si majani yale yale?"

"Yale yale wapi! Mafuta yake si ya karanga, ati yatakungoja. Yakipata joto yanapaa. Na doti ya khanga umeshaivaa!"

Doti ile ilikuwa malipo ya mizigo minne, na huu ulikuwa wa nne. Keshokutwa basi la Iringa lingeondoka na vichupa sita vya mafuta ya kifua alivyoagiza Dawood, mwenye duka pale mjini. Vikikosekana, Dawood angeagiza dawa ya kifua ya ng'ambo, na Bi Siwema angerudi kuuza vitumbua. Mwaka ule wa 1954 Mbeya nzima ilikuwa inauza vitumbua.

Akachukua panga, akapanda mwenyewe kwenye manyunyu, akakata majani mabichi. Akayapika kama mama yake alivyopika marashi ya waridi Bagamoyo: bakuli katikati ya sufuria, mfuniko umegeuzwa na kujazwa maji baridi, mvuke uugonge uwe matone yadondokee bakulini. Nyumba ikanukia hadi barabarani. Bakuli, karibu tupu! Akachochea moto, akabadili maji, akafunua, akafunika, akafunua tena.

"Usifunue, bibi! Na pembeni panavuja." Matilda akakanda unga wa ulezi, akaziba ukingo wote. "Mjomba hufanya hivi akipika moshi."

"Astaghfirullah! Pombe nyumbani kwangu?"

"Nafumba kinywa cha sufuria tu, bibi. Cha kwako kimenishinda."

Safari hii mafuta yalielea juu ya maji, mepesi, yanawasha pua. Walipika mara tano siku mbili.

Dukani, Dawood alidondosha tone kwenye karatasi. Wakangoja, Bi Siwema akihamisha mguu huu na huu. Tone likakauka, doa hakuna.

"Safi. Ungechanganya ya nazi, doa lingebaki." Akavifunga vyote sita kwa safari ya Iringa.

Nyumbani Matilda alikuwa ameshika panga mlangoni. "Naenda kukata ule mzigo wa nne."

"Weka panga, mwanangu. Huo nimekusamehe. Ingia unywe chai, na usinizoee."