Nguzo Nane za Newala

Biashara ilipofunguliwa na saruji ikaacha kuwa kitu cha kibali, mnunuzi mmoja wa korosho kutoka Masasi aliamua kujenga duka la ghorofa mbili Newala. Kazi alipewa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenilea na kunifundisha uashi. Nilikuwa mwanamke pekee aliyeshika mwiko pale. Wanawake wengine walibeba maji na kokoto.

Mhandisi aliyetuchorea ramani aliishi Mtwara. Siku ya kwanza alitukalisha akatueleza. Nguzo zote tisa zimwagwe zege kali, lenye saruji nyingi. Kwa sakafu ya ghorofa lingetosha zege lenye saruji pungufu.

"Lakini pale nguzo inapokutana na sakafu," alisema, "tangulizeni lile kali, lienee kama hatua moja kuizunguka nguzo, ndipo mjaze lile jingine. Msije mkakata nguzo kali katikati kwa zege dhaifu."

Mjomba aliitikia. Wiki ya kumwaga sakafu ya kwanza mimi nilikuwa Chiungutwa, kwenye msiba wa shangazi yangu. Niliporudi nikakuta sakafu imekwisha kumwagwa na kukauka, na nondo za nguzo za juu zimesimama zikingoja mbao.

Nikapanda. Nilichukua msumari nikakwaruza sakafu palepale nondo zilipotokeza. Ukachimba. Nikashuka, nikakwaruza nguzo ya chini kwa nguvu ileile. Ukateleza, ukaacha alama nyeupe tu.

Nilimkuta mjomba anapima mbao.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mmezika salama?"

"Tumezika. Mjomba, juu ya vichwa vya nguzo mmemwaga zege gani?"

Akanyanyua uso. "La sakafu. Maji yalikuwa machache, wingu limetanda. Ningechanganya mara mbili saa ngapi?"

"Basi itabidi tuvunje."

Mafundi wakacheka. Kwetu mjomba habishiwi, tena na mtoto wa dada yake aliyekula kwake. Hakukasirika. Alisema tu, "Zege likikauka limekauka. Ukitaka kuvunja, vunja mwenyewe."

Nadhani alitaka ninyamaze. Nilikwenda stoo nikachukua tindo na nyundo nzito. Mirunda iliyoibeba sakafu ilikuwa bado haijaondolewa, kwa hiyo hakuna ambacho kingeanguka. Nilianza na kona inayotazama barabara. Kufika adhuhuri viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na shimo langu halikutosha hata kuingiza kichwa cha mbuzi. Nikafunga kitambaa mkononi, nikaendelea.

Siku ya pili mwenye duka akafika. Alisimama chini akafoka, "Nani amekutuma uvunje jengo langu?"

"Sikutumwa, baba. Naomba upande uone mwenyewe."

Akapanda. Nikampa msumari. Alikwaruza sakafu, akashuka akakwaruza nguzo, akarudia tena. Alimwita dereva wake, akamtuma Mtwara.

Mhandisi alikuja kesho yake. Alizunguka nguzo zote, kisha akasema, "Hii ya katikati iacheni. Sakafu imeibana pande zote nne, na zege dhaifu likibanwa hivyo halina pa kukimbilia. Hizi za ukingoni na za kona zina upande ulio wazi. Mkipandisha ghorofa nyingine juu yake, zitapasukia hapo."

Zilikuwa nane. Mjomba alisikiliza mikono ikiwa nyuma, akaondoka bila kuaga. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu, na sikuwa na njia ya kulirudisha lile neno. Lakini nisingeweza pia kulala nikijua watu watauza na kununua chini ya sakafu ile.

Asubuhi nilipofika nilimkuta amepiga magoti juu ya gunia, kwenye kona ya pili, tindo mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Usipige kwa pupa, utajeruhi nondo."

Tukapiga siku tisa. Wanawake walirudi tena bondeni kufuata maji, wakilalamika, na walikuwa na haki. Kila kichwa cha nguzo tulichokisafisha tulikimwagia zege kali, tukakifunika magunia yaliyoloweshwa, tukakinywesha asubuhi na jioni. Ilipofika zamu ya sakafu ya juu, mjomba mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye kila nguzo akipaza sauti, "Kali kwanza! Kali kwanza!"

Hakuwahi kusema kwamba alikosea, nami sikuwahi kumtaka aseme. Kazi yetu iliyofuata ilikuwa Masasi. Mwenye nyumba alipouliza nani atasimamia zege, mjomba alinisukuma mbele kwa bega, akasema, "Huyu. Na akisema vunja, mvunje."