Suti ya Kwenda Benki

“Mjomba, mbona suti hii unaivaa kwenda benki tu?” nilimuuliza nikiwa darasa la tatu.

“Kula kwanza, wakili wangu.”

Mjomba ni fundi cherehani, mgeni katika nchi hii kwa miaka kumi na tisa. Alitaka mkopo wa miaka mitatu anunue cherehani yake, aache kukodi. Kila mwaka benki ilimjibu vilevile: kibali chako cha kuishi hapa kitaisha kabla ya mkopo.

Jana nilimtungia uzi, maana macho yake yamechoka, akaifumua ile suti anishonee suruali ya shule.

“Nilidhani wakiiona watasahau kuuliza kibali,” akasema. “Wewe baba yako mwenyeji, mpwa wangu. Utaenda benki hata na kandambili.”