Sanduku la Nyumba Namba Nne

Marlene Hoekzema hakuwahi kwenda likizo popote, lakini likizo za watu alizijua kuliko walivyozijua wenyewe. Kwa miaka arobaini na minne alikuwa mtunzaji wa nyumba tisa ndogo za mbao zilizojipanga mbele ya ziwa, pale Sable Landing, magharibi ya Michigan. Nane zilikuwa za wageni. Ya tisa, nyuma ya chumba cha kufulia, ilikuwa yake.

Alimtambua mgeni kabla hajatoa mguu garini. Watu wa Chicago waliingia wakiwa bado wanabishana na simu, na usingizi wa kweli waliupata siku ya tatu. Wa Indianapolis walikuja ukoo mzima, magari matatu yakifuatana, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshaazima sufuria yake kubwa. Wa Detroit walisimama kununua matunda ya cheri tu, wakaendelea kaskazini kwenye misitu. Wa Cincinnati walikuwa wamempotea. Siku hizi walikwenda pwani ya Carolina, wakisifu maji ya chumvi kana kwamba chumvi ni kitu cha kufuatwa mbali.

Lakini wa Saint Louis, waliokuja kulikimbia lile joto la Julai linalogandisha shati mgongoni, walikuwa na mtindo wao. Wiki ileile, nyumba ileile, kitanda kilekile, hadi watoto wao wakaleta watoto.

Wiki hizo hazikuwa na mkataba. Aliyeondoka Jumamosi alisukumia chini ya ngazi za baraza sanduku lake la mbao, lenye viti vya kukunja, ndoo na mwavuli. Sanduku likibaki, wiki hiyo ni yake mwakani. Likiondoka, basi, wamemaliza. Hakuna aliyeuliza wala kuulizwa. Marlene aliona kwamba kumuuliza mtu kama atarudi ni kumwekea shaka mezani.

Ndiyo maana, Julai iliyopita, alipomwona Vernon Niehaus wa Saint Louis, mgeni wa nyumba namba nne, akilibeba sanduku lake hadi garini, alinyamaza. Vernon na mkewe Adele walikuwa wamekuja mara arobaini na moja. Marlene alifagia chini ya ngazi zile tupu, akakaa na huzuni yake siku mbili, kisha wiki ya Adele akampa Ray Kubiak wa Chicago, aliyekuwa akiomba nafasi kwa miaka mitatu.

Sasa ilikuwa Jumamosi nyingine ya Julai, saa nane mchana. Familia ya Kubiak ilikuwa imeshaingia. Marlene alikuwa amekumbatia mashuka alipoona gari la kijivu analolijua likiingia polepole. Adele alishuka peke yake, kofia nyekundu ya timu ya besiboli ya Saint Louis kichwani, keki ya siagi mkononi.

"Marlene wee, njoo unipokee! Mgongo umekuwa ubao. Masaa nane njiani, nimesimama mara mbili tu."

"Vernon yuko wapi?"

"Vernon tulimzika Desemba, mwenzangu. Nilitaka nikwambie kwa mdomo wangu."

Marlene aliyaweka mashuka juu ya nyasi. Hapo ndipo alipoliona: nyuma ya gari lilikaa sanduku jipya, linanukia vanishi, limeandikwa nne kwa rangi ya buluu.

"Lile la zamani panya walilitoboa," Adele alisema. "Vernon akalichukua apate vipimo. Hili jipya alilimaliza Novemba. Rangi imekauka yeye yuko hospitali."

"Adele, wiki yako nimeitoa."

"Umeitoa?"

"Niliona pako patupu. Nikadhani mmemaliza."

"Mara arobaini na moja, Marlene, ukashindwa kuuliza mara moja?"

"Na wewe ukashindwa kuandika mstari mmoja?"

"Sisi hatuandiki! Nani alituzoesha hivyo kama si wewe?"

Ray Kubiak alikuwa ametoka, soseji mkononi. "Samahani, mama. Kuna tatizo?"

Adele alimpima kwa macho. "Wa wapi huyu?"

"Chicago."

"Chicago! Marlene, bora ungeitia moto."

"Na mimi sikutegemea kuiona kofia hiyo nyekundu ya mahasimu wetu kwenye baraza langu," Ray alicheka.

"Baraza lako tangu lini? Tangu asubuhi?"

Ray alianza kujibu, akauona uso wa Adele, akaishusha soseji. Marlene alimweleza kwa maneno machache. "Tutahama," Ray alisema hapohapo.

Lakini wangehamia wapi? Wiki ya pili ya Julai pwani yote ya ziwa imejaa. Adele alitazama taulo za watoto zilizotundikwa kwenye ukingo wa baraza.

"Asihame mtu. Watoto wameshaanika."

"Utalala kwangu," Marlene alisema. "Mimi kwenye chumba cha kufulia pananitosha."

"Kwako ziwa halionekani."

"Linasikika."

Wiki ile Marlene alilala karibu na mashine zake, akawaza. Alikuwa amekuita kunyamaza kwake heshima, na kweli heshima ilikuwamo. Lakini ilikuwamo pia hofu ya kujibiwa hapana. Alijua nani anaogopa buibui na nani hali vitunguu, na bado mtu alikuwa amekufa majira ya baridi yakapita bila yeye kujua.

Alhamisi, wakimenya mahindi ngazini, Adele aliuliza, "Na wewe huenda wapi?"

"Kwenda wapi?"

"Likizo, mama."

"Novemba nafunga mabomba yasipasuke kwa barafu, nakaa."

"Kukaa si likizo."

"Kwa anayefua mashuka ya nyumba nane, ni likizo."

Jumamosi ilipofika, Ray alilikokota sanduku la Vernon hadi ngazi za namba nne. "Hapa ni pako, mama. Sisi tutatafuta wiki nyingine."

Adele aliinama akapatazama pale chini.

"Namba nne ina vitanda vitano," alisema. "Nitalalia vingapi? Nisaidie nalo kule nyuma."

Ngazi za Marlene zilikuwa fupi. Sanduku liliingia nusu, likakataa, likabaki limechomoza kiasi cha mkono mzima.

"Utajikwaa kila asubuhi," Adele alisema.

"Nitajikwaa."

Adele aliingia garini, akawasha. Marlene alisogea dirishani na kuushika mlango. Ishara alikuwa nayo nyuma yake, sanduku limechomoza, namba yake si ya nyumba ile.

"Adele. Mwakani utakuja?"

Adele alifunga mkanda kwanza.

"Nitakuja," alisema. "Asante kwa kuuliza."